Hatua Ishirini za Mama Bendera

Dada mkubwa wa mama yangu alifanya kazi ya kusimama. Ndivyo alivyowajibu watu walipomuuliza anafanya nini kule kwenye shamba la pamba: nasimama, ndege inakuja, nasogea, nasimama tena. Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na ikafika mahali hata mwenye duka la jirani alisahau jina lake halisi. Wafanyakazi walimwita Mama Bendera. Mimi nilimwita Mama Mkubwa, kwa kuwa ndiye aliyenilea mama yangu alipofariki, na nyumbani kwake ndiko nilikotokea asubuhi ya kwanza nilipokwenda kuanza kazi yangu ya ukarani wa mapokezi hospitalini.

Shamba lenyewe lilikuwa limepanuka mno kwa mabomba ya mgongoni, kwa hiyo dawa ya wadudu ilinyunyizwa kwa ndege. Ilikuwa ndege ndogo ya njano, ya kiti kimoja, yenye tangi la dawa mbele ya rubani na mabomba membamba chini ya mabawa. Ilipita juu ya pamba chini kabisa, hata ukadhani magurudumu yatarudi na majani. Ili rubani asirudie mahali alipokwisha kupita wala asiache pengo, mtu alisimama kila upande wa shamba akiwa na bendera nyeupe kwenye mti mrefu. Rubani alijipanga kati ya bendera hizo mbili, akafungua dawa, akapita. Kabla hajamfikia, mshika bendera alitakiwa awe ameshasogea hatua ishirini kuelekea upepo unakotoka, dawa isimwangukie, na awe amesimama kwenye mstari unaofuata.

Hatua ishirini, si kumi na tisa wala ishirini na moja. Mama Mkubwa alizipima siku ya kwanza kwa utepe wa fundi cherehani, akajua kila hatua yake ni sentimita sabini na tano, na tangu hapo miguu yake ikawa haijui kutembea bila kuhesabu. Kutoka mlango wa jikoni hadi bombani ni thelathini na moja. Kutoka nyumbani hadi hospitali ni elfu mbili mia nne na kumi, ukipitia kwa fundi viatu. Ukitembea naye njiani ilibidi uzungumze peke yako, kwa sababu yeye alikuwa katikati ya hesabu, na ukimkatiza alikutazama kama umemmwagia chai.

Kabla ya bendera alibeba bomba la dawa mgongoni, yeye na shoga yake mmoja. Siku moja bomba la yule mwenzake lilivuja, akaendelea kufanya kazi na shati lililolowa kwa sababu hakutaka kuonekana mvivu. Jioni alianza kutokwa na jasho na mate, akitetemeka. Kwenye zahanati wakamtibu malaria. Hakuna aliyewaambia kuhusu dawa, na Mama Mkubwa mwenyewe wakati huo hakujua kwamba kulikuwa na la kusema. Aliyemweleza ni muuguzi mmoja, siku mbili baada ya mazishi: sumu ya namna ile inabana mboni za macho zikawa kama ncha ya sindano, na iko dawa ya kuipinga, ila lazima daktari ajue ni sumu gani. Mama Mkubwa alikumbuka macho ya shoga yake. Kuanzia hapo alibeba kipande cha sabuni ya kufulia kwenye mfuko wake kila siku ya kazi, na hakuingia ndani ya nyumba kabla ya kuoga kule nyuma, hata kama mvua inanyesha. Wenzake walimtania kwamba anaoga kama bibi harusi. Aliwaacha waseme.

Rubani walimpa jina la Nzige, kwa kule kuruka kwake juu ya mimea. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya, mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko nguo zake. Alifanya kazi na Mama Mkubwa miaka minane, na sidhani kama kwa muda wote huo walizungumza saa nzima ukijumlisha. Lakini damu zao zilipatana. Asubuhi walisalimiana kwenye kiwanja cha ndege, yeye akinywa chai amesimama. Akimaliza kazi alipita mara moja juu ya kichwa chake na kuyumbisha mabawa, kushoto kulia, naye akainua bendera kumjibu. Mara moja tu rubani alilalamika kwamba bendera imechafuka na haionekani vizuri. Kesho yake ilikuja nyeupe kuliko shati la rubani, na Mama Mkubwa akamuuliza mbele ya watu kama anataka na lile shati lifuliwe.

Siku ya ajali ilianza vizuri. Hakukuwa na upepo, ukungu ulikuwa umeinuka mapema, na mistari kumi na moja ilikwisha bila tatizo. Mama Mkubwa alihesabu hatua ishirini kwenda kwenye mstari wa kumi na mbili, akasimika bendera, akainua macho kuitazama ndege ikigeuka upande wa pili wa shamba.

Akaona ndege mdogo, wa manyoya, amekaa hewani.

Hakuwa anaruka. Alikuwa amekaa, anajichokoa bawa, juu ya pamba, mahali ambapo hapakuwa na mti wala kitu. Mama Mkubwa alikaza macho, na ndipo alipouona waya. Ulikuwa mwembamba, wa rangi ya kijivu kama anga ya asubuhi ile, umekatiza kona ya shamba kutoka barabara kuu kwenda kwenye kisima kipya, umelegea katikati. Nguzo moja ilifichwa na miti ya kukinga upepo, nyingine ilikuwa nyuma ya kibanda cha pampu. Jana yake asubuhi waya huo haukuwepo. Mistari kumi na moja ya kwanza haikuufikia. Wa kumi na mbili ulipita chini yake moja kwa moja.

Ishara walizokuwa nazo zilikuwa chache. Bendera ikiinuliwa, mstari uko hapa. Ikilazwa chini, funga dawa, upepo umegeuka. Hakuna aliyewahi kuwaza ishara ya kumwambia rubani apande juu haraka. Akilaza bendera, Nzige angefunga dawa na kuendelea kuja kwa kimo kile kile.

Kwa hiyo aliitupa bendera, akaanza kukimbia. Hakukimbia kuikwepa ndege. Aliikimbilia, katikati ya mstari, mikono ameitanua, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa hakuhesabu hatua mle shambani. Pamba ilimpiga magotini, kilemba kikamtoka. Ndege ilikuja ikikua mbele yake, na dawa ikiwa nyuma ya mabawa kama pazia.

Nzige alikuja kunisimulia mwenyewe jinsi alivyoona. Alisema hakuuona waya kabisa, hata kidogo. Alichoona ni mwanamke ambaye kwa miaka minane hakuwahi kupiga hatua bila sababu, sasa anamjia mbio kama anataka kuikumbatia injini. Hakufikiri. Mkono wake ulivuta usukani kabla ya akili kuuliza kwa nini.

Ndege iliinua pua. Waya ambao ungepita usawa wa shingo ya rubani ukapita chini, ukanasa gurudumu la kushoto. Ulivutika, ukalia, ukakatika. Ndege ikayumba, ikapita juu ya Mama Mkubwa aliyekuwa amejilaza kifudifudi, ikachota pamba kwa ncha ya bawa, ikabiringika mara moja na kulala chali karibu na mfereji. Injini ikazimika. Mama Mkubwa alisema kilichomtisha zaidi ni ule ukimya.

Alisimama. Kati yake na ndege waya, uliovutwa na gurudumu, ulikuwa umelala juu ya pamba, na hakujua kama una umeme au hauna. Akauzunguka mwisho wake kwa mbali. Hapo hesabu ilimrudia yenyewe: hatua arobaini za ziada, kila moja ikimuuma.

Nzige alikuwa ananing'inia kichwa chini, mikanda imemshika, damu inamtoka kwenye paji la uso. Tangi la dawa lilikuwa limepasuka na dawa ikimchuruzikia kifuani na usoni. Harufu yake ilichanganyika na ya mafuta. Mama Mkubwa alipiga mateke kidirisha cha mlango kwa buti zake mpaka kikafunguka, akabana pumzi, akaingia nusu mwili. Alijua kwamba akifungua mikanda vivi hivi, mtu yule ataanguka kwa shingo. Akaweka bega lake chini ya mabega ya rubani, akajikaza, ndipo akafyatua kifungo. Uzito wote wa Nzige ukamshukia. Wakatoka pamoja, kwa kuburuzana, mguu mmoja wa rubani ukiwa umegeukia mahali pasipostahili.

Alimfikisha mferejini, akamlaza ukingoni, maji yakimfika kifuani.

"Vua," alimwambia.

Nzige, aliyekuwa nusu anajitambua, alijibu kwamba hawezi kuvua nguo mbele ya mama mtu mzima. Mama Mkubwa hakubishana naye. Alimvua mwenyewe, shati, suruali, kila kitu, akavitupa mbali, akatoa sabuni na kuanza kumsugua kama anavyosuguliwa mtoto aliyecheza kwenye masizi: kichwa, masikio, masharubu yale, kwapa. Akamsuuza, akarudia. Alipotazama macho yake, mboni zilikuwa zimeanza kusinyaa.

Mzee wa mapipa ndiye aliyefika kwanza. Huyu ndiye aliyekuwa akichanganya dawa kiwanjani, na alipoona ndege haiinuki tena alirukia pikapu ya shamba. Walimviringisha rubani kwenye turubai safi, wakampandisha. Njiani, walipokaribia kituo cha kuchanganyia dawa, Mama Mkubwa akamwambia asimame. Mzee hakuamini masikio yake. Akamwambia mtu anakufa huku nyuma, kila dakika ina maana, wasimame kufanya nini?

"Tukifika bila karatasi ya dawa, tutakuwa tumempeleka kuzikwa," Mama Mkubwa alisema. "Simama."

Akashuka, akabandua lebo kwenye kopo lililotumika asubuhi ile, akaikunja ndani ya kitambaa. Haikuchukua muda wa kunywa maji.

Mimi nilikuwa kwenye dirisha langu la mapokezi. Nilimwona mama yangu mkubwa akiingia, ovaroli inachuruzika maji, hana kilemba, nywele zimesimama, nyuma yake wanasukuma machela. Nikiri kwamba mkono wangu ulikwenda kwenye fomu. Kazi ikikuzoea inakufanya mjinga. Nikamuuliza jina la mgonjwa.

"Jina litakuja baadaye, mwanangu," alisema. "Niitie daktari."

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mwezi wa nne tangu aanze kazi. Aliona ajali ya ndege, jeraha la kichwa, mtu anatetemeka na kutapika, akaagiza apelekwe kupigwa picha ya kichwa haraka. Kwa mtu aliyesoma, ilikuwa sahihi. Mama Mkubwa akasimama mbele ya machela. Sijawahi kumwona akimzuia mtu mwenye koti jeupe. Yeye ni wa kuinuka kitini nesi akipita.

"Daktari, mwanangu, mtazame macho kwanza," alisema, na kumpa ile lebo.

Daktari akawasha kurunzi yake ndogo. Akasoma lebo. Akatazama tena macho. Rangi ya uso wake ilibadilika, lakini hakuona haya wala hakupoteza muda kujitetea. Alitaja sindano aliyoitaka, na akataka ziletwe zote zilizomo kabatini. Wakamchoma moja, wakangoja, wakachoma nyingine, wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, mate yakapungua, kifua kikaacha kukoroma. Baadaye daktari alikuja dirishani kwangu kwa makusudi kuniambia kwamba wangeanza na picha, wangepata picha nzuri ya mtu aliyekwisha kufa.

Wakati wote huo hakuna aliyemtazama aliyemleta. Ni nesi mmoja aliyempita kwenye ukumbi akamwona amekaa sakafuni, ameegemea ukuta, jasho linamtoka kama aliyetoka kisimani. Alikuwa amemsugua mwenzake mara mbili na yeye hakujisugua hata mara moja. Walimlaza wodi ya wanawake siku mbili. Nilipokwenda kumwona aliniuliza mambo mawili, kama Nzige anapumua, na kama nimekumbuka kuwapa kuku maji.

Alipona. Nzige alibaki siku kumi na tisa, mguu umefungwa plasta, mbavu tatu zimevunjika, masharubu yamenyolewa upande mmoja na mtu aliyekuwa akishona jeraha.

Hapo ungedhani hadithi imekwisha vizuri. Lakini wiki moja baada ya kurudi nyumbani, Mama Mkubwa aliletewa barua kutoka ofisi ya shamba. Yeye aliishia darasa la tano na barua za ofisi zilimchosha, kwa hiyo nilimsomea. Ilisema amesimamishwa kazi kusubiri uchunguzi, kwa kuwa siku ya ajali aliacha nafasi yake na kuingia katika njia ya ndege, jambo lililomshtua rubani na kusababisha ndege kupoteza mwelekeo. Sahihi ya meneja.

Aliniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akaendelea kuosha sufuria iliyokuwa imekwisha kutakata.

"Ni kweli niliacha nafasi yangu," alisema mwishowe. "Haya, waulize kwa nini."

Kwa siku kadhaa watu walimwangalia kwa jicho la pembeni. Kulikuwa na waliosema mama yule amezeeka, amechanganyikiwa, ndiyo maana alikimbilia ndege. Maneno yalimfikia. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira, nikataka kwenda ofisini kuwapasha. Alinikatalia. Alisema atasema yeye, tena mahali penyewe, si mezani.

Mkaguzi wa ajali za ndege alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyekuja na futi ya utepe mrefu, kamera, na viatu vya kutembelea shambani. Aliwaita wote ofisini: meneja, fundi umeme aliyesimamia kazi ya kisima, mzee wa mapipa, Mama Mkubwa, na Nzige, aliyetoka hospitalini siku ile ile kwa magongo. Mimi nilimsindikiza Mama Mkubwa, nikaruhusiwa kukaa. Meneja alisoma taarifa yake. Sauti yake ilikuwa kavu, na hakumtazama mtu. Mkaguzi alipomgeukia Mama Mkubwa, yeye aliinuka na kuomba twende shambani, kwa sababu hapa ndani, alisema, hawezi kumwonyesha mtu kitu.

Tukaenda. Pamba iliyovunjika ilikuwa bado imelala. Mama Mkubwa alisimama mahali alipokuwa amesimika bendera. Shimo la mti wake lilikuwepo. Akaonyesha alipokuwa amekaa yule ndege mdogo. Akasema kutoka shimoni hadi chini ya waya ni hatua sitini na tatu, alizihesabu kichwani akiwa amelala wodini, na kila hatua ni sentimita sabini na tano. Mkaguzi akapiga hesabu kwenye daftari, akavuta futi yake mpaka chini ya mstari wa nguzo. Akasoma. Akaisoma tena, akavua miwani akaifuta.

"Mita arobaini na saba na robo," alisema. "Mama, umenikosesha kazi."

Watu wakacheka, na kicheko hicho kilibadilisha hewa. Mkaguzi alifuata alama zote kwa mpangilio aliopewa: mahali Mama Mkubwa alipojilaza, kipande cha waya, alama ya bawa, mahali ndege ilipolala. Kila kitu kilikuwa pale alipokitaja. Kisha akamuuliza rubani kama mshika bendera alimshtua.

Nzige aliegemea gongo lake.

"Alinishtua," alisema. "Nikavuta usukani. Asingenishtua, waya ungenipata shingoni, na leo mngekuwa mnapima kaburi."

Mkaguzi akataka kujua waya ulitundikwa lini na nani alijulishwa. Fundi umeme akasema waliutundika jana yake alasiri, haukuwa umeunganishwa bado, na alipeleka barua ofisini mwenyewe kabla ya kufunga kazi. Akataja meza aliyoiweka. Meneja alikuwa ametazama pamba. Angeweza kukana, barua ile hakuna mwingine aliyeiona. Namheshimu kwa alichofanya.

"Ilikuwa mezani kwangu," alisema. "Niliikuta juu ya nyingine, nikaisogeza. Nimeisoma baada ya ajali. Nimekuwa silali tangu siku ile."

Keshoye asubuhi wafanyakazi walikusanywa mbele ya ghala kama kawaida ya kugawiwa kazi. Meneja alisimama juu ya ngazi, akaichana ile barua ya kusimamishwa, akaeleza mbele ya wote kilichotokea, na akamwomba Mama Bendera radhi kwa sauti iliyofika mpaka kwa walio nyuma. Wale wa jicho la pembeni ndio waliopiga makofi zaidi. Meneja akamuuliza anataka shamba limfanyie nini.

Alikuwa amejiandaa. Alitaka nyaya zote zitundikiwe mipira myekundu inayoonekana kwa mbali. Alitaka pipa la maji safi na sabuni kila mwisho wa shamba, na redio ya mawasiliano kwa mshika bendera. Na alitaka ndege isiinuke asubuhi yoyote kabla ya mtu kuuzunguka mpaka wote wa eneo linalonyunyizwa kwa miguu siku hiyo hiyo na kutia sahihi kwamba ni salama. Meneja akauliza nani atakubali kutembea kilomita zote hizo alfajiri.

"Mimi," alisema. "Mlinilipa miaka kumi na tisa kwa kusimama. Sasa mtanilipa kwa kutembea."

Sahihi ndiyo iliyompa shida. Hakuwa nayo. Tulikaa mezani jioni kadhaa akijaribu, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akikataa kila niliyomchorea kwa madai kwamba ni ya watu wa benki. Mwishowe alichagua kuandika jina lake zima, herufi moja moja, lile jina ambalo mwenye duka alilisahau.

Nzige alirudi msimu uliofuata. Ndege ilikuwa nyingine, ya njano kama ile, na yeye alichechemea kidogo, masharubu yamerudi mahali pake. Wenye shamba walikuja kutazama, watu watano wenye mashati ya mikono mirefu. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, kwa hiyo niliyaona haya kwa macho yangu. Nzige alikaa ndani ya ndege, injini inanguruma, anangoja karatasi. Mama Mkubwa alitokea upande wa mfereji akitembea kwa ule mwendo wake. Alipofika hakutoa kalamu. Alisema kwamba wachimbaji wa mfereji wameacha mashine yao kwenye kona, mkono wake mrefu umeinuliwa juu nyuma ya miti, na kwa rubani anayegeuka upande ule hauonekani.

Mmoja wa wenye shamba alitazama saa. Akasema mashine iko nje ya mpaka, na upepo utaanza muda si mrefu, je, haiwezekani rubani akaambiwa tu awe mwangalifu? Kabla Mama Mkubwa hajajibu, meneja, yule yule, akasogea akasimama ubavuni mwake.

"Mama amesema bado," alimwambia bosi wake. "Basi bado."

Injini ikazimwa. Ukatafutwa ufunguo wa mashine, akatafutwa dereva wake, mkono ukashushwa, mashine ikaondolewa. Dakika arobaini. Mama Mkubwa akaenda tena kuhakikisha kwa macho yake, akarudi, akaiweka karatasi juu ya bawa la ndege, na akaandika jina lake, herufi moja moja, wale watu watano wakimngoja na bosi akiwa ameacha kutazama saa.

Ndege iliondoka. Mabinti wawili aliowafundisha ndio walioshika bendera, nao walisogea kwa hatua zilizokuwa sawa kama zimekatwa kwa mkasi. Mama Mkubwa alikuwa na redio mkononi, akifuata kila mstari kwa macho. Mstari wa kwanza Nzige alipita juu kidogo kuliko zamani. Wa pili akashuka. Wa tatu alikuwa chini kabisa, majani yanainama, na wafanyakazi waliokuwa wameacha kazi zao kuja kutazama wakaanza kushangilia kila alipopita, kama wanamshangilia mpigaji penalti.

Alipotua alikuja moja kwa moja alipokuwa Mama Mkubwa, kofia kwapani. Akamwambia chuo cha marubani kina ndege ya viti viwili, anaweza kuiazima, ampandishe siku moja alione shamba lake kutoka juu.

"Wewe nilishakupokea kutoka juu mara moja," alimjibu. "Inatosha."

Nzige alicheka mpaka akashika mbavu, zile zilizovunjika. Mama Mkubwa alingoja amalize. Kisha akamwambia kwamba mstari wa tisa ameacha pengo pale kwenye kona, upana wa hatua sita, na mafuta bado anayo. Akaichukua kofia kwapani mwa rubani, akamvisha mwenyewe, akainua redio kuwaambia mabinti warudi kwenye nafasi zao.